Kazi ya Kupiga Chapa Fulana, Mbarara na Nakivale



Kila mwaka, kabla ya mashindano ya michezo, shule yetu huagiza fulana za mabweni, na kila mwaka husikika malalamiko yale yale: kwa nini fulana 200 zichukue juma zima, na hali maneno yenyewe ni mawili tu kifuani? Mimi nami nilikuwa katika walalamikaji, tena mwenye sauti kubwa. Lakini wakati wa likizo ya Mei mwaka jana nilipata kibarua katika duka moja la kupiga chapa fulana mjini Mbarara. Nilikaa pale siku 17, nikaona jinsi kazi inavyokwenda, na siku moja nikashiriki katika kosa lililotugharimu usiku mzima. Nimeona vema niwaeleze habari hizo, kwa sababu wengi wetu tukimaliza shule tutashika kazi za mikono kabla ya kupata za kalamu, na baadhi yenu, ndugu zetu mliokwisha toka shuleni, ndio wenye maduka ya kutuajiri.

Kwanza ni lazima kuifahamu kazi yenyewe. Skrini ni fremu ya mbao au ya aluminiamu iliyowambwa kitambaa chenye matundu madogo sana, mfano wa chujio la chai lakini laini zaidi. Kwa fulana hutumiwa aghalabu kitambaa chenye nyuzi 43 katika kila sentimita moja. Kwa kazi laini za karatasi nyuzi hufika hata 120. Kitambaa hicho hupakwa dawa iitwayo emulsheni. Dawa hii ikipigwa na mwanga huwa ngumu, na isipopigwa na mwanga hubaki laini na kuondoka kwa maji. Basi mchoro huchapwa kwa wino mweusi juu ya plastiki iliyo wazi, plastiki hulazwa juu ya skrini, na taa kali huwashwa. Mwanga hupita kila mahali isipokuwa chini ya ule weusi. Kisha skrini huoshwa, na mahali palipokuwa na herufi hufunguka. Fulana ikilazwa chini yake, wino ukawekwa juu na kuvutwa kwa mpira wenye mpini wa mbao, ambao mafundi huuita skwiji, wino hupenya katika zile herufi tu, na neno hutokea kifuani.

Ufundi huu si mpya. Wajapani walikuwa wakipitisha rangi katika karatasi zilizokatwa maumbo, wakipamba vitambaa vya kimono, karne nyingi kabla yetu. Mwaka 1907 Mwingereza mmoja wa Manchester, Samuel Simon, alipata hati ya serikali ya kuulinda ufundi wake wa kupiga chapa kwa kitambaa cha hariri, na ndiyo sababu Waingereza wengi waliiita kazi hii chapa ya hariri, ingawa siku hizi kitambaa ni cha polyester na hariri haionekani. Hata vitenge na kanga nyingi za viwandani hupigwa kwa njia hiyo hiyo, ila skrini zake ni mapipa ya chuma yenye matundu, yanayozunguka mfululizo huku kitambaa kikipita chini.

Sasa nije kwenye duka letu. Lilikuwa na vyumba viwili nyuma ya barabara kuu, na watu saba. Dada mmoja alikaa mbele akipokea maagizo na fedha. Kijana wa kompyuta alichora. Hao wawili sina mengi ya kusema juu yao, isipokuwa kwamba dada yule alikuwa na desturi njema ambayo niliidharau mwanzoni: hakukubali agizo la mdomo. Kila mteja alilazimika kuandika maneno yake kwa herufi kubwa kwa mkono wake mwenyewe na kutia sahihi. Nilidhani ni kiburi cha ofisi. Baadaye alikuja bwana mmoja akidai kwamba jina la kanisa lake limekosewa, akasema kwa sauti ya kusikika hata barabarani. Dada akafungua jalada, akamwonyesha karatasi yake. Jina lilikuwa limekosewa na bwana yule mwenyewe.

Mtu wa tatu ndiye fundi wa skrini, na huyu nilimpenda kuliko wote. Alikuwa Mkongo wa Kivu, mtu wa miaka kama 30, nasi tulimwita Kaka. Chumba chake kilikuwa na taa ya manjano, kwa kuwa mwanga wa kawaida huiharibu emulsheni kabla ya wakati wake. Alipaka dawa jioni, akaziacha skrini zilale gizani zikauke, na asubuhi akazipiga mwanga. Baada ya kuosha aliinua kila skrini mbele ya dirisha, akaitazama kama daktari atazamavyo picha ya mapafu, akitafuta vitundu visivyotakiwa. Kitundu kimoja kidogo kuliko kichwa cha sindano hupitisha wino, na fulana 600 zote zitakuwa na doa mahali pale pale. Kaka alivifunika kwa dawa na brashi nyembamba, kimoja kimoja, bila haraka. Mwenye duka alipokuwa akimharakisha alijibu, "Ndiyo, mzee," na mkono wake haukubadilika mwendo.

Ubaya ulikuwa mmoja. Hakuna mwingine aliyeijua kazi ya Kaka. Siku mbili aliugua homa, na duka zima likakaa. Fundi wa kuvuta alikuwapo, wino ulikuwapo, fulana zilikuwapo katika magunia, na watu sita walikaa barazani wakinywa chai, kwa kuwa hapakuwa na skrini.

Fundi wa kuvuta wino ndiye anayeonekana na wageni, na wageni humdhania kuwa ndiye kazi yote. Ni kweli kazi yake ina ustadi. Mpira lazima uvutwe kwa pembe moja na nguvu moja tangu mwanzo hata mwisho; ukilegeza mkono katikati, herufi za kati hupauka. Alikuwa na msaidizi aliyevika fulana kwenye ubao na kuzivua. Wawili hao, kwa kazi ya rangi moja, walitoa fulana moja kila sekunde 40, yaani fulana 90 kwa saa.

Halafu lilikuwa jiko. Ndivyo tulivyoliita, ingawa halikuwa jiko bali mashine ya joto, mfano wa pasi kubwa ya mraba. Wino uliotumika pale ni plastisoli, na jambo la kushangaza juu yake ni kwamba haukauki kwa hewa. Ukiuacha juu ya fulana leo, kesho utaukuta mbichi vile vile. Hauna maji ya kukauka. Unataka joto la kiasi cha digrii 160 za sentigredi upate kushikana na nyuzi, na mafundi husema wino umeiva au haujaiva. Bamba la mashine yetu halikugusishwa wino. Lilishushwa likasimama juu yake kwa nusu inchi, na wino ukaiva kwa mvuke wa joto lile kwa sekunde 40. Kuweka fulana na kuitoa kulichukua sekunde 20 nyingine. Basi jiko lilitoa fulana moja kwa dakika, yaani 60 kwa saa.

Mwenye jiko alikuwa mama mmoja Mrundi aliyekaa Nakivale miaka mingi, naye ndiye aliyenifundisha. Aliikunja pia kila fulana na kuihesabu. Mimi niliwekwa kuwa msaidizi wake, na baada ya juma moja aliniachia jiko, yeye akashika kukunja na kuhesabu.

Msomaji mwenye akili ya hesabu ameshaona tatizo. Mkono watoa 90 kwa saa, jiko laivisha 60. Kila saa fulana 30 mbichi zabaki zikingoja, na haziwezi kulaliana, kwani zikilaliana zitashikamana. Tulikuwa na kabati la waya lenye rafu 60. Kwa hiyo baada ya saa mbili kabati lilijaa, na fundi wa kuvuta akalazimika kusimama. Yeye alilipwa kwa idadi ya fulana alizovuta. Sisi wengine tulilipwa kwa siku. Kila aliposimama aliona fedha zake zikisimama, akatutazama sisi wa jiko kama watu wavivu. Wala simlaumu, maana ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Basi likaja agizo la fulana 600, rangi moja, kwa ajili ya Siku ya Wakimbizi Duniani, ambayo huadhimishwa tarehe 20 Juni kila mwaka tangu 2001. Kwetu Nakivale siku hiyo ni kubwa. Mteja alizitaka mapema, mwenye duka akaahidi kwa siku moja. Akafanya jambo ambalo mtu yeyote angelifanya: akamwita fundi wa pili wa kuvuta, akaweka ubao wa pili. Alisema mikono miwili ni bora kuliko mmoja. Hesabu ilionekana nzuri, kwani 90 na 90 ni 180 kwa saa, na kazi yote ingemalizika kabla ya saa nane mchana.

Tulianza saa mbili asubuhi. Kabla ya saa tatu kabati lilikuwa limejaa. Fulana zikawekwa juu ya viti, juu ya meza ya kompyuta, juu ya magunia, hata kwenye kamba ya dirishani ambako vumbi la barabara liliingia. Mafundi wawili wanashindana, msaidizi wao anakimbia kati ya mbao mbili, na mimi nimesimama mbele ya jiko natoa moja kwa dakika, kama kawaida. Mwenye duka akaja.

"Kijana, mbona fulana zinalala kwako?"

"Mashine ni moja, mzee."

"Punguza muda. Sekunde 20 zatosha, wino si mnene."

Mama alikuwa ametoka kununua mkate. Ningaliweza kungoja arudi. Lakini nitasema kweli: sikupunguza muda kwa sababu ya amri tu. Nilipunguza pia kwa sababu niliona aibu kuwa ndiye mtu wa polepole katika nyumba ya watu wenye mbio. Nikageuza kitasa hadi 20, na mara moja fulana zangu zikawa 90 kwa saa, na mwenye duka akanipiga bega.

Aliporudi, Mama alichukua fulana moja, akayavuta maandishi kwa vidole vyake viwili. Yalipasuka kama udongo mkavu. Hii ndiyo njia ya kujua wino ulioiva: ukivutwa hunyumbuka pamoja na kitambaa, na usioiva hupasuka. Alimwambia mwenye duka, naye akajibu kwamba mteja hatazivuta, atazivaa. Fulana zote zilikwisha jioni ile, zikafungwa, zikachukuliwa.

Siku ya nne zilirudi. Mtumishi mmoja wa yule mteja alikuwa ameifua moja nyumbani, na ndoo ya maji ikabaki na herufi zote. Wengine ofisini walifungua bahasha wakakuta fulana mbili mbili zimeshikamana kifua kwa kifua, kwa sababu zile za mwisho tulizikunja zikiwa karibu mbichi. Mteja hakupiga kelele. Alisema tu kwamba anazitaka tena kesho, nzima, au arudishiwe fedha zake.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo la pekee la wino huu. Usioiva vizuri waweza kuivishwa tena, maadamu haujaoshwa wala kubanduka. Tukazikagua zote. Zilizoharibika kabisa, pamoja na ile iliyofuliwa, zilikuwa 41. Zile 559 nyingine zilirudi jikoni, moja moja, sekunde 40 kila moja. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya saa tisa. Tulianza saa kumi na mbili jioni, umeme ukakatika mara moja, tukamaliza alfajiri. Mimi na Mama tulipokezana. Katikati ya usiku aliniambia, bila hasira, "Mwanangu, juzi ulizinyang'anya hizi fulana sekunde ishirini kila moja. Leo unazirudisha na riba." Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimekwenda pale kutafuta karo ya muhula, na nilijua mwenye duka akitaka kukata hasara ya fulana 41 katika mishahara yetu, yangu ndiyo itakayokatwa kwanza.

Hakuikata, kwa kuwa Mama alisema naye asubuhi ile. Sikuyasikia maneno yote, ila nilisikia akimuuliza: yule fundi wa pili alikuja kuongeza nini, ikiwa mlango wa kutokea ni mmoja?

Jumapili iliyofuata Kaka alinichukua kwenda Nakivale. Mimi ni mtoto wa Nakivale. Wazazi wangu waliingia Uganda mwaka 2012, nami nilikuwa na miaka sita. Lakini sikujua kwamba Kaka alijifunza kazi yake huko, katika chumba kimoja cha udongo karibu na soko la Base Camp, wala kwamba chumba kile bado kinapiga chapa fulana.

Kwa wale wasioijua Nakivale, niseme kwa kifupi. Ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, kusini ya Mbarara, yaliyoanza mwaka 1958 na kutangazwa rasmi 1960, nayo ni katika makazi ya zamani kabisa ya wakimbizi barani Afrika. Waliokaa mwanzoni walikuwa Wanyarwanda. Leo kuna Wakongo, Warundi, Wasomali, Wahabeshi na wengine, na Kiswahili ndicho kinachotusaidia sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi katika Uganda haki ya kufanya kazi na kwenda huku na huku, na ndiyo sababu Kaka na Mama wanaweza kuajiriwa Mbarara bila kujificha.

Kule hapana jiko la umeme. Wana kibamba kimoja cha jua kinachotosha taa na simu. Hawatumii plastisoli, kwani hawana joto la kuiivisha. Hutumia wino wa maji, unaokauka kwa hewa na kisha kupigwa pasi ya mkaa juu ya kitambaa safi, dakika tatu kila fulana. Hawana plastiki ya mchoro. Huchapa mchoro kwenye karatasi ya kawaida, wakaipaka mafuta ya kupikia hata ikawa kama kioo chenye ukungu, na mwanga ukapita. Wala hawana taa kali. Wanalo jua.

Sasa sikilizeni jinsi wanavyoipanga siku yao, kwa maana hapa ndipo nilipofunguka macho. Wako watatu, vijana wawili na dada mmoja. Usiku, nyumba ikiwa na giza, hupaka skrini za kesho. Alfajiri huvuta wino kwenye fulana za agizo lililopo, kwa kuwa hewa ni baridi. Saa sita wino wa maji ungeganda ndani ya matundu ya skrini na kuiziba. Saa nne hivi huacha kuvuta. Fulana hutundikwa kwenye kamba, na jua likiwa kali hutoa ile skrini iliyopakwa usiku, wakaifunua juani kwa dakika moja na nusu, mmoja akihesabu kwa sauti, kisha wakaitia maji upesi. Wingu likipita, huongeza hesabu. Hilo hawakulisoma mahali, walipoteza skrini nyingi kabla ya kulijua. Mchana hupumzika au huenda sokoni kuulizia kazi. Saa kumi jioni huwasha mkaa, wakapiga pasi, na yule dada huyavuta maandishi ya kila fulana ya ishirini kwa vidole vyake, sawasawa na Mama. Nilimwuliza nani alimfundisha. Akasema, "Hasara."

Kwa siku hutoa fulana 50, pengine 60. Hazizidi, kwa sababu fulana 60 za dakika tatu ni saa tatu za pasi, na baada ya hapo ni usiku. Nilimwuliza kijana mkubwa kwa nini asivute 100 asubuhi, maana mkono wake unaweza. Alinitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini asipike chakula cha watu mia naye ana sahani kumi. "Nitazipiga pasi lini?" akasema.

Basi watu watatu wasio na umeme walikuwa wameshaijua siri ambayo sisi saba wa Mbarara tuliinunua kwa fulana 41 na usiku mmoja. Tena kila mmoja wao aliijua kazi ya mwenzake. Dada alikuwa amejifungua miezi miwili iliyopita, na kazi haikusimama. Lakini nisiwasifu kupita kiasi. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, hukaa siku nzima bila skrini, na mteja wa fulana 600 hawawezi kumpokea kabisa. Kwa kazi ya rangi tatu ni lazima waje Mbarara kuomba ubao. Kila mtu kufanya kila kitu kuna bei yake pia: hakuna kati yao mwenye mkono kama wa fundi wetu wa kuvuta, wala jicho kama la Kaka.

Niliporudi Mbarara nilikuta mambo matatu yamebadilika, na sidhani kama mwenye duka angependa nimtaje kwa jina, ila napenda kumsifu kwa hayo. La kwanza, fundi wa pili hakuitwa tena kuvuta. Fedha zake zilitumika kukodi mashine ya pili ya joto, na jiko sasa likaweza fulana 120 kwa saa mbele ya mkono unaotoa 90. Mkono ukawa ndio wa polepole, na hilo ni jema, kwa kuwa fulana isiyovutwa haiharibiki, na iliyovutwa bila kuivishwa huharibika. Kabati halikujaa tena.

La pili ni malipo. Fundi wa kuvuta aliendelea kulipwa kwa fulana, lakini ni fulana zilizopita mikononi mwa Mama na kukubaliwa, na sisi wa jiko na wa kukunja tuliongezewa kidogo kwa hesabu hiyo hiyo juu ya mshahara wa siku. Mabadiliko yaliyotokea niliyaona siku ile ile. Fundi ambaye zamani alitutupia macho, alipoona kabati linakaribia kujaa aliweka skwiji chini akaja kunisaidia kupanga. Sikuwa nimewahi kumwona akifika upande wetu wa chumba isipokuwa kutafuta kiberiti.

La tatu, kijana wa kompyuta alianza kukaa na Kaka jioni kujifunza kupaka emulsheni. Skrini yake ya kwanza ilikuwa mbaya sana. Ya tano ilitumika.

Nimekwisha sema kwamba nilianza kwa malalamiko juu ya fulana za mabweni, basi nirudi huko. Mwaka huu agizo letu ni fulana 200, rangi mbili. Rangi mbili maana yake ni skrini mbili, na kila fulana kuvutwa mara mbili, na rangi ya kwanza kupigwa joto kidogo kabla ya pili ili zisichanganyike, na skrini ya pili kulinganishwa na ya kwanza hata herufi zisipishane. Hiyo peke yake hula asubuhi nzima. Ongeza siku moja ya mchoro na sahihi, usiku mmoja wa emulsheni kukauka, siku moja ya kuvuta na kuivisha, na nusu siku ya kukagua na kukunja, na yote hayo ikiwa hapana agizo jingine mbele yetu, wala umeme haukukatika. Nimemwambia kiranja wa michezo apeleke karatasi Jumatatu, majina ya mabweni yameandikwa kwa herufi kubwa, na idadi ya kila ukubwa wa fulana pembeni. Amekubali, ila ameniomba mimi niende naye, kwa sababu anasema yule dada wa mbele ni mkali.

Zitakapofika, kila mmoja na ayavute maandishi ya fulana yake kwa vidole viwili kabla ya kutia sahihi ya kupokea.